Pesa za usawa wa jinsia kwenye bajeti ya kaunti: ziko wapi, na zinaombwa vipi

SWALI: Mimi ni katibu wa kikundi cha akina mama sokoni, upande wa Kano, kaunti ya Kisumu. Tuko 28, na wengi wetu tunauza mboga, samaki na mchele. Kila mkutano tunaoitwa tunaambiwa usawa wa jinsia ni kipaumbele cha serikali, na hata kwenye vitabu vya mipango tumeonyeshwa maneno hayo. Sisi tunataka vitu vitatu: vyoo, taa za jioni, na mahali pa kuacha watoto tukiwa kazini. Tuanzie wapi, tumwone nani, na mwezi gani?

JIBU: Dada katibu, umefanya vyema kuuliza mwezi. Vikundi vingi huomba vitu vya maana kabisa, ila huviomba wakati mlango umeshafungwa. Nitafika hapo. Kwanza tuelewane kuhusu mnachokitafuta.

Ahadi mnazo tele, tena nzito. Kifungu cha 27 cha Katiba ya 2010 kinasema wanawake na wanaume wana haki ya kutendewa sawa, na kwamba chombo cha kuchaguliwa au kuteuliwa kisizidi thuluthi mbili za jinsia moja. Mwaka 2019 ilitoka Sera ya Taifa ya Jinsia na Maendeleo. Mwaka 2021, kwenye kongamano la Generation Equality kule Paris, Kenya iliweka ahadi 12 za kukomesha dhuluma za kijinsia kufikia 2026, na ikataja hadi pesa: dola milioni 23 kufikia 2022 na milioni 50 kufikia 2026. Hayo yote yana kazi yake. Lakini hakuna hata moja litakaloleta tofali sokoni kwenu mpaka ligeuke mstari kwenye bajeti, wenye namba, kiasi cha pesa na idara inayowajibika. Kazi yenu ni kuuzaa huo mstari na kuufuata mpaka pesa itoke. Sheria ni ile ile Kisumu, Nakuru, Kakamega au Siaya, kwa hivyo haya yanafaa hata kwa dada zenu wa kaunti jirani.

Nani anadaiwa nini

Jedwali la Nne la Katiba limegawa kazi kati ya serikali ya kitaifa na kaunti. Masoko ni ya kaunti. Taa za barabarani ni za kaunti, pamoja na maji na usafi, zahanati hadi hospitali za kaunti, elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Na hili wengi hawalijui: vituo vya kulelea watoto vimetajwa mle mle kama kazi ya kaunti. Kwa hivyo vitu vyenu vyote vitatu viko mlango mmoja, na mahali pa kuacha watoto si hisani mnayoombea huruma. Ni jukumu lililoandikwa kwenye Katiba.

Polisi, mahakama, shule za msingi na sekondari, pamoja na usajili wa ardhi ni vya serikali ya kitaifa. Sodo za wasichana shuleni pia ziko huko, tangu sheria ya elimu ya msingi irekebishwe mwaka 2017. Mbunge wenu anaweza kutumia pesa za CDF, yaani mfuko wa maendeleo wa eneo bunge, kujenga darasa au ofisi ya dawati la jinsia kituo cha polisi, lakini sheria ya 2015 inaufungia mfuko huo kwenye kazi za serikali ya kitaifa. Akiwaahidi vyoo vya soko, mshukuruni, kisha mwende kaunti. Mwakilishi wa wanawake naye ana mfuko wake, NGAAF, unaosaidia vikundi. Ombeni huko mtaji au vifaa vya kikundi, msiombe jengo la soko.

Kabla ya kuandika lolote, hakikisheni ardhi. Hapa ndipo miradi mingi hufia. Kama soko lenu limekaa ukingoni mwa barabara kuu, huenda sehemu mnayouzia ni hifadhi ya barabara, na kaunti haiwezi kuweka jengo la kudumu juu yake. Kama ardhi ilitolewa na familia au kanisa kwa maneno tu, mhandisi atakuja, atapima, halafu faili italala kwa sababu hakuna hati. Mwulizeni msimamizi wa wadi mambo mawili: soko limesajiliwa kwa jina la nani, na mipaka yake iko wapi. Majibu yake yaandikeni.

Kusoma bajeti kwa penseli

Watu wakitafuta pesa za akina mama hukimbilia idara yenye neno jinsia kwenye jina lake. Idara hiyo kwa kawaida imeunganishwa na vijana, michezo, utamaduni na huduma za jamii, na sehemu ya jinsia huwa nyembamba. Isomeni, ila someni namba zilizo pembeni, kwa maana kila matumizi ya serikali yana msimbo wake, na msimbo unasema ukweli kuliko kichwa cha programu.

Namba zinazoanza na 21 ni mishahara. Zinazoanza na 22 ni matumizi ya kawaida: 22103 ni safari za ndani na posho, 22105 uchapishaji na matangazo, 22107 mafunzo, 22108 vyakula, vinywaji na mikutano. Zinazoanza na 26 ni ruzuku. Zinazoanza na 31 ni mali inayobaki, na 31102 ni ujenzi wa majengo. Chukueni penseli, mpige mstari chini ya kila 22 iliyo kwenye programu ya jinsia, kisha mjumlishe. Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, programu imepewa milioni 10: safari milioni 4, mafunzo 3, mikutano na chakula 2, fulana na mabango 1. Milioni zote 10 zimeisha, na zote zimeandikwa "uwezeshaji wa wanawake". Hapo mmeshajua mpango mzima ni semina, sherehe za tarehe 8 Machi, na zile siku 16 za kupinga dhuluma za kijinsia, kati ya 25 Novemba na 10 Desemba. Sisemi mafunzo hayana faida. Nasema mkishajua namba hizo, mkiambiwa hakuna pesa, mtaonyesha kwa kidole mstari unaoweza kupunguzwa.

Pesa kubwa zinazobadilisha maisha ya mwanamke ziko idara nyingine: biashara na masoko, maji, afya, elimu. Utafiti wa matumizi ya muda uliofanywa Kenya mwaka 2021 ulionyesha mwanamke anatumia takriban saa 4 na nusu kwa siku kwa kazi za nyumbani na kulea bila malipo, na mwanamume chini ya saa 1. Kinachopunguza saa hizo ni bomba lililo karibu, zahanati yenye dawa, na mtu wa kuaminika wa kuangalia mtoto. Hakuna semina inayozipunguza. Kwa hivyo ombi lenu lielekezwe kwa idara ya biashara na masoko kwanza, nakala kwa ile ya jinsia, na mtumie neno jinsia kama kipimo cha jinsi mradi utakavyojengwa.

Chukueni vyoo. Michoro mingi huweka milango sawa pande zote mbili, na hilo huonekana kama haki. Lakini mwanamume ana sehemu ya kukojolea anayotoka haraka, na mwanamke anaingia na mtoto mgongoni, au yuko kwenye hedhi, au ni mjamzito. Milango ikiwa sawa, foleni itakuwa upande wenu kila siku. Ombeni milango ya wanawake iwe mara 2 ya ile ya wanaume. Mwandike kwamba kila mlango ufungwe kwa ndani, kuwe na ndoano ya kutundikia mkoba, pipa lenye kifuniko, maji ndani ya jengo, na taa juu ya njia ya kuingilia. Kwa Kano ongezeni jambo la udongo. Udongo mweusi wa huko hupanuka ukilowa na kupasuka ukikauka, na mto Nyando ukifurika shimo la kawaida hujaa maji na kumwaga uchafu sokoni. Lazima msingi uinuliwe na tangi liwe limezibwa. Mkiacha hilo nje ya ombi, mwanakandarasi atajenga kwa bei ya udongo mwekundu wa mlimani, na baada ya msimu mmoja wa mvua kuta zitapasuka.

Halafu ada. Kama kuingia chooni ni shilingi 10 na mama anaenda mara 4 kwa siku, hiyo ni 40. Kwa siku 26 za kazi ni 1,040 kwa mwezi, juu ya ushuru wa soko anaolipa kila asubuhi. Ada hizi hupangwa kwenye Mswada wa Fedha wa kaunti, unaopitishwa ndani ya siku 90 baada ya bunge la kaunti kuidhinisha matumizi. Mkutano wake wa maoni hujaa wenye maduka na mabaa, na akina mama wa sokoni huuona haufai kwao. Unawafaa sana. Ombeni risiti ya ushuru wa siku iwe ndiyo tikiti ya choo pia kwa mchuuzi. Jambo hili halihitaji hata mfuko mmoja wa simiti.

Kituo cha watoto kina mtego wake: kina bajeti 2. Chumba, uzio na choo kidogo ni namba za 31, zinalipwa mara moja. Walezi, uji, maji na sabuni ni 21 na 22, kila mwaka. Kwa watoto 15 walio chini ya miaka 3 mtahitaji walezi wasiopungua 3. Mkiomba jengo pekee mtajengewa, litafunguliwa kwa utepe, kisha litafungwa kwa kufuli kwa kuwa hakuna aliyepangiwa mshahara. Andikeni gharama zote mbili, na mseme waziwazi kikundi kitachangia nini: kiasi kidogo kwa mtoto kwa siku, au zamu ya usafi.

Kakamega ilionyesha namna pesa inavyoweza kushikamana na hatua zinazohesabika. Mpango wake wa Imarisha Afya ya Mama na Mtoto, ulioanza 2013, ulimpa mama mhitaji Sh 12,000 kwa awamu 6 za Sh 2,000, kadiri alivyohudhuria kliniki, akajifungulia kituoni na kumpeleka mtoto chanjo. Mwaka 2017 bunge la kaunti likaupitishia sheria. Mpango wenye sheria hauondolewi kimyakimya, lazima mtu arudi bungeni, ingawa mgao wake bado unahitaji kutetewa kila mwaka.

Miezi

Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai. Kuna tarehe 4 ambazo sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya 2012 imezifunga, na mkizijua mtaelewa kwa nini watu huambiwa wangoje.

Kufikia 1 Septemba mpango wa maendeleo wa mwaka lazima uwe kwenye bunge la kaunti. Huu ni wa mwaka wa fedha utakaoanza Julai ijayo, yaani miezi 10 mbele. Mradi huzaliwa hapa. Usipokuwemo, mwezi wa Mei mtajibiwa kwamba haukuwa kwenye mpango, na jibu hilo litakuwa sahihi. Kwa hivyo barua yenu iingie Julai au mapema Agosti.

Kufikia 28 Februari waziri wa fedha wa kaunti anawasilisha mkakati wa fedha, na bunge lina siku 14 kuujadili. Hapa kila idara hupewa kikomo chake. Wananchi wachache hufika, kwa kuwa karatasi yenyewe inajaa majedwali, lakini ndipo inapoamuliwa masoko yapate kiasi gani na safari zipate kiasi gani. Mtume hata watu 2.

Kufikia 30 Aprili makadirio yenyewe yako bungeni. Mikutano ya maoni ya Mei ndiyo inayotangazwa sana na kuhudhuriwa sana, na nafasi ya kubadili jambo ni ndogo kuliko zote. Vikomo vimeshafungwa, kwa hivyo kuongeza choo kunamaanisha kupunguza kitu kingine ndani ya idara ile ile. Mkienda Mei, nendeni na namba: "Tunaomba milioni kadhaa zitoke mstari wa 22103 ukurasa fulani ziende ujenzi wa choo soko fulani." Kamati ya Bajeti inaweza kulifanyia kazi ombi la namna hiyo. Kilio kisicho na ukurasa huishia kwenye kumbukumbu za mkutano.

Kufikia 30 Juni bunge linapitisha. Baada ya hapo kuna bajeti ya nyongeza, ambayo huja katikati ya mwaka bila kelele na inaweza kuufuta mradi wenu mliokwisha kuusherehekea. Kila mkisikia bajeti ya nyongeza, mwulizeni MCA, yaani mwakilishi wa wadi yenu, swali moja: mstari wetu bado upo?

Tazameni pia siku ya mkutano. Ukipangwa siku ya soko kubwa, saa 4 asubuhi, hakuna mama atakayeacha meza yake. Andikeni mapema kuomba siku nyingine. Msipopewa, chagueni wawakilishi 3, kila mmoja aandike jina la kikundi kwenye orodha ya mahudhurio, na wote waseme jambo lile lile kwa maneno yale yale. Maombi 15 tofauti kutoka meza moja hurekodiwa kama "masuala mbalimbali".

Ombi la maandishi

Liwe ukurasa mmoja, kwa Karani wa bunge la kaunti na kwa idara husika, nakala kwa MCA na msimamizi wa wadi. Pelekeni nakala 2 na mrudi na moja iliyopigwa muhuri wa kupokewa, wenye tarehe. Bila muhuri huo barua haijawahi kuwepo. Ndani yake wekeni: jina la soko na wadi, idadi ya wachuuzi, wanawake wangapi na wanaume wangapi, mliowahesabu wenyewe siku ya soko na siku ya kawaida, hali ya ardhi, kinachoombwa na vipimo vyake, gharama ya kujenga na ya kuendesha, na ukurasa wa Mpango wa Maendeleo wa Kaunti wa 2023 hadi 2027 unaotaja masoko au usawa wa jinsia. Ukurasa huo ndio unaogeuza maneno mliyoonyeshwa kuwa deni. Makadirio ya gharama mwombeni mhandisi wa kaunti ndogo. Mkikosa, chukueni bei ya mradi kama huo kwenye bajeti ya mwaka jana mwitaje.

Kwenye ukurasa huo huo ningewasihi muongeze jambo la nne, ambalo hamkulitaja. Utafiti wa afya wa 2022 ulionyesha asilimia 34 ya wanawake wa Kenya wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kupigwa au kudhulumiwa kimwili tangu wafike miaka 15. Hakuna mwanamke atakayesimama mbele ya chifu, shemeji zake na wateja wake kusema alibakwa. Kwa hivyo jambo hili halisikiki mikutanoni, haliingii kwenye kumbukumbu, na wapangaji wa bajeti huandika kwamba umma haukuliomba. Kikundi kinaweza kuliandika bila kumtaja mtu yeyote.

Muombe hivi: kituo cha afya kilicho karibu na soko kiwe na dawa za kuzuia HIV wakati wote, maana zinafaa tu zikianzwa ndani ya saa 72, na dawa za dharura za kuzuia mimba, ambazo mwisho wake ni saa 120. Kiwe na fomu za huduma baada ya ubakaji, mhudumu aliyefunzwa kuzijaza, kabati la kufungwa kwa ufunguo la kuhifadhi ushahidi, na mtu wa zamu usiku. Kituo kinachofungwa saa 11 jioni Ijumaa na kufunguliwa Jumatatu kimeshakula zaidi ya saa 60 kati ya zile 72. Fomu ya P3, ile ya polisi ya kuandika majeraha, ni bure, na kituoni paandikwe hivyo ukutani. Namba ya simu ya bure ya msaada, 1195, ibandikwe ndani ya vyoo vya wanawake, mahali ambapo mtu anaweza kuisoma akiwa peke yake. Kaunti ikipendekeza nyumba ya hifadhi, kumbukeni mtego wa bajeti 2: mlinzi, msimamizi na chakula viandikwe kabla ya tofali la kwanza.

Bajeti ikishapita

Mgao kwenye karatasi bado si pesa. Idara inatakiwa iwe na mpango wa ununuzi unaoonyesha kila mradi utatangazwa robo gani ya mwaka. Mradi wenu ukipangwa robo ya mwisho, Aprili hadi Juni, kuweni na wasiwasi, kwa sababu pesa kutoka Nairobi huchelewa, 30 Juni hufika, na ahadi za malipo ambazo hazijatekelezwa huangukia mwaka unaofuata zikiitwa madeni. Shinikizeni zabuni itangazwe kati ya Septemba na Desemba.

Ombeni nakala ya orodha ya vifaa na vipimo alivyopewa mwanakandarasi. Hamhitaji uhandisi kuitumia. Ikisema milango 8, hesabuni milango. Mikataba mingi ya ujenzi huzuia sehemu ya malipo, mara nyingi asilimia 10, kwa miezi kadhaa baada ya kazi kukabidhiwa ili kasoro zirekebishwe. Nyufa na vitasa vilivyolegea vitajeni kwa maandishi kabla ya muda huo kwisha. Pesa ikishaachiliwa, mwanakandarasi hatarudi.

Zabuni zenyewe nazo ni sehemu ya usawa. Sheria ya ununuzi ya 2015 inataka angalau asilimia 30 ya manunuzi ya serikali iende kwa biashara za wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Usajili wa AGPO, mpango wa serikali wa kuwatengea makundi hayo zabuni, ni bure, na biashara ya pamoja inahitaji wanawake wasiopungua asilimia 70 ya wanachama na viongozi wote wawe wa kundi hilo. Kuiuzia kaunti mchele wa hospitali au sabuni za chekechea si ndoto. Hatari iko kwenye malipo. Msikope pesa za miezi 3 kugharamia bidhaa ambayo huenda ikalipwa baada ya miezi 9. Pelekeni bidhaa mapema ndani ya mwaka wa fedha, na msiondoke bila hati ya kupokea iliyosainiwa, cheti cha ukaguzi na ankara iliyogongwa muhuri.

Juu ya viti, nitasema kidogo. Bunge la kaunti hutimiza thuluthi mbili kwa kuteua wanawake baada ya uchaguzi, na hao mnaweza kuwatumia vizuri, kwa kuwa hawafungwi na wadi moja. Wapelekeeni nakala za barua zenu. Lakini kiti ambacho akina mama wamekisahau ni cha Jukwaa la Bajeti na Uchumi la kaunti. Sheria ya 2012, kifungu cha 137, inasema gavana ndiye mwenyekiti, mawaziri wake ni wanachama, na idadi sawa na yao itoke nje ya serikali, wakiwemo wawakilishi waliopendekezwa na mashirika ya wanawake. Ulizeni ni nani anaketi hapo kwa niaba ya wanawake, alipendekezwa na nani, na jukwaa lilikutana lini mara ya mwisho. Vivyo hivyo kamati ya soko: kama ushuru mwingi unalipwa na wanawake na mwenyekiti, katibu na mweka hazina wote ni wanaume, hilo mnaweza kulirekebisha bila kungoja Nairobi.

Ripoti za matumizi zipo. Msimamizi wa Bajeti huchapisha kila robo ya mwaka ripoti ya kaunti zote 47, ikionyesha kila idara ilipangiwa kiasi gani na ilitumia kiasi gani. Haitawaambia habari za soko lenu moja. Kwa hilo andikeni barua chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016, ambayo inakubali Kiswahili na haitaki mseme sababu. Barua isizidi hivi:

"Kwa Katibu wa Kaunti. Chini ya kifungu cha 35 cha Katiba, tunaomba: (1) kiasi kilichotengwa kwa vyoo, taa na kituo cha watoto cha soko la (jina), na namba ya msimbo, (2) kiasi kilicholipwa hadi leo na tarehe za malipo, (3) jina la kampuni iliyopewa kazi na orodha ya vipimo, (4) kama mgao ulibadilishwa kwenye bajeti ya nyongeza, ukurasa unaoonyesha hivyo."

Wana siku 21 za kujibu, na wanaweza kuongeza 14 wakieleza kwa nini. Hawaruhusiwi kuwatoza chochote kwa kupokea ombi, ila gharama ya kutoa nakala. Wakikataa au wakinyamaza, mna siku 30 za kupeleka malalamiko kwa Tume ya Haki za Utawala, mkiambatisha nakala ile yenye muhuri.